Ardhi Siyo Zulia

Alhamisi, saa tano usiku

Najua mmezoea nikija hapa nalia na bumu lililochelewa au maharage ya kantini yenye mawe. Leo hapana. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu ninaokula nao sahani moja: ninyi washikaji wangu mnaochora ramani za nyumba kwenye laptopu na kuwauzia watu kwa WhatsApp. Msininunie. Someni mpaka mwisho halafu mnijibu.

Hoja yangu ni fupi. Nyumba haianzi na sebule, inaanza na ardhi. Mtu anayechora nyumba bila kuchora mteremko wa kiwanja hajachora nyumba, amechora picha. Picha si vibaya kuwa nayo ukutani, lakini usimuuzie mtu anayekwenda kuzika pesa yake ya uzeeni kwenye msingi.

Sasa tuangalie kazi inavyoanza. Unafungua Sweet Home 3D, ile programu ya bure aliyoianzisha Mfaransa Emmanuel Puybaret katikati ya miaka ya 2000. Safi kabisa, nyepesi, inakubali hata kwenye kompyuta kuukuu. Lakini ardhi yake ni tambarare. Unachoweza kuibadilisha ni rangi, au kuitandazia picha ya nyasi. Ukitaka kilima unakileta kama kitu kutoka nje, unakiweka pale kama unavyoweka sofa. Hebu fikiria: kilima kinawekwa kama sofa! Au unafungua SketchUp, ambayo Google iliinunua mwaka 2006 ikaigawa bure, kisha ikaiuza kwa Trimble mwaka 2012. Nayo inakukaribisha kwenye nchi iliyonyooka kama meza ya puli, na mtu mmoja kasimama anashangaa.

Sizilaumu programu peke yake. SketchUp ina vifaa vya ardhi vya maana. Kimoja kinachukua mistari ya kontua na kuijaza pembetatu pembetatu mpaka uso wa ardhi unatokea. Kingine kinatandaza wavu ambao unauvuta juu au kuusukuma chini mpaka upate kilima na bonde. Kingine kinagandamiza umbo la nyumba kwenye mteremko ili uone utachimba wapi na utajaza wapi. Home Designer ya kampuni ya Chief Architect nayo inakutaka uchore kwanza mpaka wa ardhi yako, halafu uipe namba za mwinuko, nukta kwa nukta au mstari kwa mstari, ndiyo yenyewe iunde sura ya kiwanja. Kwa hiyo vifaa vipo. Swali langu ni hili: kati yenu mnaouza ramani, nani amewahi kuvigusa?

Kimya. Nilijua.

Mnajua kuzungusha kamera mteja aone makochi, taa za dari na bati la msauzi. Mnajua kuweka gari la kifahari kwenye pevingi. Mnajua hata kupanda minazi mitatu kwenye kiwanja ambacho mbuzi wa jirani hajaacha jani. Kuuliza tu kama kiwanja kimelala upande gani, hamjui.

Ngoja nitoe mfano wa hesabu, msije mkasema mwalimu mtarajiwa anapiga domo. Tuseme kiwanja kina mita 20 kwa 25, na kutoka juu mpaka chini kinashuka mita 3. Huo ni mteremko wa asilimia 12. Ukiwa umesimama hapo hutauona mkali sana, utasema kakilima tu. Sasa weka nyumba ya mita 12 kwa 10, ule urefu wa 12 ufuate mteremko. Pembe ya juu na pembe ya chini zinatofautiana mita 1.44. Hapo ni karibu na bega la mtu mzima! Kwenye ramani yako ya nyasi tambarare tofauti hiyo haipo, ni sifuri.

Fundi atafanyaje? Akitaka sakafu yote iwe sawa na upande wa juu, inabidi ajaze chini ya nyumba kama mita za ujazo 86. Lori la mita za ujazo 5 litakwenda safari 18. Lakini ukiigawa nyumba ngazi mbili, nusu ya vyumba juu na nusu chini, katikati ngazi za miguu nne au tano, kifusi kinashuka mpaka mita za ujazo 43. Safari 9. Nusu ya lori zote imeondoka kwa sababu mchoraji aliiangalia ardhi kabla ya kuangalia makochi. Ushauri huo ungemgharimu mchoraji jioni moja. Mteja asipoupata anaingia kwenye madeni.

Halafu kuna kilima cha mapambo, na hiki ndicho kinachoniudhi zaidi. Wapo wachoraji wawili watatu wajanja ambao wamegundua vifaa vya ardhi. Wanavifanyia nini? Wanabandika kakilima kazuri nyuma ya nyumba, kabwawa pembeni, na njia ya mawe inayojikunja. Ardhi imekuwa keki, unaipamba. Mteremko halisi wa kiwanja haumo hata kidogo, ila kilima kilichotoka kichwani kipo, kimepandwa maua. Huu ni uongo mbaya kuliko ule wa tambarare, kwa sababu anayeona tambarare anaweza kushtuka. Anayeona kilima anaamini kiwanja kimepimwa.

Na hata anayeingiza namba anaweza kudanganywa na kompyuta yake. Programu hizi zinapewa nukta chache, halafu zinabuni kilichoko katikati. Ukipima pembe nne tu za kiwanja, utapata mteremko laini, unapendeza, unang'aa. Lakini kama katikati kuna kakorongo kanakopitisha maji kila masika, kompyuta haikajui. Itapitisha nyasi juu yake kama zulia juu ya shimo. Na wewe utaweka chumba cha watoto hapohapo.

Kuna wanaosema, "Sisi tunachukua mwinuko kutoka kwenye satelaiti, hatuna haja ya kupima." Haya, tuongee. Data nyingi za bure za mwinuko zinatokana na kazi ya Februari 2000, pale chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipozunguka dunia siku 11 kikiipima kwa rada. Mwaka 2014 data za Afrika zikatolewa bure kwa kipimo kirefu zaidi, nukta moja kila mita 30 hivi. Kazi kubwa, heshima kwao. Inafaa sana kwa bonde zima la mto au safu ya milima. Lakini kiwanja chetu ni mita 20 kwa 25. Kiwanja chote kinaingia ndani ya nukta moja na nafasi inabaki! Tena urefu wenyewe unaweza kukosea kwa mita kadhaa, wakati sisi hapa tunagombania mita 1.44. Hiyo ni sawa na kupima chumvi ya mboga kwa mizani ya magunia.

Tuje kwenye ukuta. Ndani ya kompyuta ukuta wa kuzuia udongo ni mstari. Unauchora, unaupa urefu, unaupa rangi ya mawe, umemaliza. Hauanguki milele. Nje ya kompyuta mambo ni mengine. Ukiongeza kimo cha ukuta mara mbili, nguvu ya udongo inayousukuma haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na ile nguvu ya kuupindua kwenye kitako chake inaongezeka mara nane. Hapo ni udongo mkavu. Maji yakijaa nyuma yake bila matundu ya kutokea wala kokoto za kuyapitisha, mzigo unazidi hapo. Hakuna kitufe cha masika kwenye programu yako, mshikaji. Jua linawaka saa zote.

Na mvua ndiyo mwisho wa utani. Milimita 50 zikinyesha kwenye kiwanja hicho cha mita za mraba 500 ni lita 25,000 za maji. Paa peke yake la mita za mraba 120 linamwaga lita 6,000. Yote hayo yanatafuta njia ya kushuka. Mchoro wenye ardhi ya kweli unakuonyesha yatapita wapi: mlangoni, kwenye karo, au kwa jirani wa chini. Mchoro wa nyasi tambarare unasema hayapiti popote. Wakazi wa Dar waliokumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyofanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, hawahitaji kufundishwa kwamba maji yanajua njia. Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang' likaingia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Sisemi yale yalitokana na ramani mbovu za nyumba, hapana. Nasema tunaishi katika nchi ambayo mteremko ni jambo la kufa na kupona, halafu tunachora kama vile wote tunakaa juu ya meza.

Sasa niwaambie kwa nini nimepandisha leo. Baba yangu mdogo alijenga kule Goba, na waliofika Goba wanajua kule ni kupanda na kushuka. Alinunua ramani kwa mchoraji mmoja wa mtandaoni, simtaji. Vyumba vitatu, jiko la kisasa, nyasi mpaka unapofikia mwisho wa kioo cha simu. Kiwanja hakikuulizwa. Mafundi wakachimba kilima kwa nyuma, kama mita mbili, ili ile nyumba tambarare ipate pa kukaa, wakasimamisha ukuta wa tofali bila tundu hata moja. Masika ya kwanza ukuta uliinama. Masika ya pili ulilala juu ya jiko, usiku, wakati watu wako vyumbani. Tunamshukuru Mungu. Tope likashuka mpaka uani kwa bibi mmoja wa nyumba ya chini, likafukia kuku wake na tangi la maji, na mpaka leo bibi yule na baba mdogo hawasalimiani. Alipopigiwa simu, mchoraji alijibu hivi: "Ramani haina tatizo, tatizo ni kiwanja chenu."

Rudieni hilo jibu. Tatizo ni kiwanja chenu. Yaani ardhi ndiyo yenye makosa kwa kutofanana na kompyuta yake.

Na haijaisha. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, kiinua mgongo kimetoka, anataka kujenga nyumbani Lushoto. Lushoto, jamani! Kule hata mpira wa watoto ukipotea unaufuata kijiji cha pili. Ametumiwa ramani kwenye simu na mtu mwingine, na mimi nimeiona: nyasi tambarare, minazi, bwawa la kuogelea. Minazi Lushoto! Mama hajui programu ila ana macho. Aliniuliza, "Mwanangu, hii tambarare yote wameitoa wapi?" Sijapata swali zuri kama hilo darasani tangu nije chuo. Pesa yake ya miaka zaidi ya 30 ya chaki inasubiri jibu.

Najua mtakavyonijibu, kwa hiyo nawatangulia.

Wa kwanza atasema, "Mteja hataki mteremko, anataka kuona sebule." Sawa, na mgonjwa naye anataka dawa tamu. Mteja hajui kwamba kuna swali la kuuliza, wewe ndiye unayejiita mtaalamu. Ukimwonyesha sebule juu ya ardhi yake mwenyewe, na ukamwonyesha safari 18 za lori dhidi ya 9, nakuhakikishia sebule ataisahau kwa dakika kumi.

Wa pili atasema, "Hiyo ni kazi ya injinia na mpima." Kweli kabisa, na natamani kila nyumba ingepitia kwao. Lakini ninyi mnajua kama mimi kwamba wateja wenu wengi wanatoka na ramani yenu moja kwa moja kwenda kwa fundi. Mnalijua hilo mnapopokea pesa. Kwa hiyo ama mwambieni mteja kwa maandishi kwamba mchoro huu haujaangalia ardhi, usijengee, ama iangalieni ardhi. Kujificha nyuma ya injinia ambaye hajaitwa siyo jibu.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, atasema, "Fundi wa mtaani hana kompyuta, na bado anajenga kwenye mteremko. Kwa nini tuhangaike?" Ndugu yangu, hapo umenisaidia. Fundi mzuri wa mtaani anaanza na ardhi! Anafika, anazunguka kiwanja, anauliza maji yanapita wapi, ananyoosha mpira wa maji. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima mikali kwa mashimo ya ngoro kwa vizazi, udongo haujawakimbia, na hawakusubiri programu. Ujuzi wa kusoma mteremko upo kwetu. Ninyi ndio mmeutoa kwenye mchoro mkauita usasa. Halafu yule fundi, kwa sababu ramani imetoka kwenye kompyuta, anaogopa kuipinga.

Hapa nataka niwaguse na wenzangu wa ualimu, msidhani mmepona. Mimi Jiografia ndiyo somo langu la kufundishia. Tunafundisha kontua kwa ajili ya mtihani tu. Mtoto anachora sehemu ya mkato kutoka A mpaka B vizuri kabisa, anapata alama zote, anarudi kwenye nyumba ambayo maji yanaingilia mlango wa mbele. Hatujawahi kumwambia kwamba mstari ule ndio ua wa kwao. Ramani ya mtihani kwa kawaida ina kontua kila mita 20, nyumba yao na ya majirani kumi zinapotea kati ya mistari miwili. Lazima tushuke tukapime wenyewe.

Na inawezekana. Nilipokuwa mafunzo ya kufundisha mwaka jana niliwatoa kidato cha tatu nje na mpira mweupe wa maji, ule wa mafundi, fimbo mbili na futi ya kushonea. Maji kwenye ncha mbili za mpira yanakaa kimo kimoja, hilo hata asiyependa fizikia anaelewa. Tukapima nukta kila mita tano kwenye mteremko wa nyuma ya madarasa. Kompyuta ya wanafunzi haikuwepo, kwa hiyo tukakata maboksi, kila boksi kontua moja, tukayapandanisha. Kilima kikatokea mezani. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa anakaa kimya muhula mzima akaweka kidole na kusema, "Mwalimu, choo kiko juu ya kisima." Darasa zima likanyamaza. Walikuwa wanapita pale kila siku na hawakuwahi kuuona mteremko ule. Sasa niambieni kama kontua ni mada ya kukariri.

Kwa hiyo madai yangu kwa ninyi mnaouza ramani ni haya, na siyo makubwa. Kabla hujachora ukuta wa kwanza, nenda kwenye kiwanja au mtume mtu apime. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 25, nukta kila mita tano ni nukta 30 tu. Watu wawili wenye mpira wa maji wanamaliza kabla ya chakula cha mchana. Ongeza nukta pale ardhi inapobadilika ghafla: kingo za korongo, kichuguu, mwamba. Uliza majirani maji yanapita wapi masika. Ingiza namba hizo kwenye programu, acha iunde ardhi, halafu ndiyo ulete nyumba. Igeuze, ishushe, igawe ngazi mpaka uchimbaji upungue. Chora mtaro na uonyeshe unakoishia, na usiishie kwa jirani. Ukuta wa udongo ukizidi mita moja, andika kwa herufi kubwa kwamba unamhitaji injinia. Na kama programu yako haina vifaa vya ardhi, badili programu, au chora mkato kwa mkono kwenye karatasi ya mraba kama tulivyofundishwa kidato cha tatu, uupige picha, uubandike kwenye ramani. Mkato mmoja wa penseli una ukweli kuliko ekari nzima ya nyasi za kijani.

Ukiona hiyo ni kazi nyingi kwa elfu hamsini unayolipwa, basi dai elfu themanini uifanye. Mimi nitakutetea. Ila usichukue hamsini kwa picha ukaiita nyumba.

Naomba kutoa hoja. Wenye majibu waandike hapo chini, matusi nayafuta, hoja naziacha hata zikiniuma. Wiki ijayo nikipata muda nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kutoa nukta kwenye daftari mpaka kontua. Mpira wangu wa maji upo chumbani, una mita 15. Anayeutaka aje auchukue, ila Ijumaa ya wiki ijayo awe ameurudisha, maana Jumamosi napanda basi la Lushoto nao.